Unauza kitu "kama kile cha kwenye TV"? Soma hii kabla hujaposti

Leo tuongelee soko ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria, ila lina funzo kwa kila anayeuza mtandaoni. Ni soko la vifaa vya kuigizia vya tamthilia za anga. Zile sirizi za watu wanaosafiri kwenye nyota, wana simu za ajabu, bunduki za mwanga na mashine za mkononi za kupima wagonjwa. Marekani na Uingereza kuna watu wanakusanya mifano ya vifaa hivyo. Wananunua, wanapaka rangi upya, wanaweka taa, wanauziana. Kwa wengine ni burudani, kwa wengine ni kazi ya kulipia kodi ya nyumba.

Utasema, mimi nauza mikoba, inanihusu nini? Inakuhusu, kwa sababu wenzetu wa soko hilo wameshakutana na yale yanayotusumbua sisi kila siku: mteja anayedai umemuuzia feki, mwenye jina anayekuja kudai jina lake, na kazi ya mkono inayouzwa kwa bei ya hasara. Na kama una mkono wa ufundi, unaweza ukaona mlango wako humu.

VITU VYENYEWE VILITOKA WAPI

Tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Ile simu yao ndogo ya kufungua kifuniko ilitengenezwa na fundi mmoja anaitwa Wah Ming Chang, kwenye karakana yake. Bajeti ya tamthilia haikuwa kubwa, kwa hiyo vingine viliokotezwa madukani. Vifaa vya matibabu vya Daktari McCoy, baadhi vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani! Walinunua vichupa vyenye maumbo ya kisasa kwa ajili ya kipindi kimoja, wakaona watazamaji hawatajua kama ni vya chumvi, basi wakampa daktari atibie navyo.

Uingereza nako, Doctor Who ilianza BBC mwaka 1963. Wale maadui wake maarufu, Dalek, wana mkono ambao ni ile pampu ya mpira ya kuzibulia sinki. Mwaka 1973 jarida la Radio Times lilitoa toleo maalumu lenye michoro ya kumwezesha mtu ajenge Dalek wake nyumbani. Mashabiki wakaingia kazini, na mpaka leo wanajenga.

Umeona? Kichupa cha chumvi ni kichupa cha chumvi. Kilichokipandisha bei ni hadithi. Na hadithi ikishakuwa ndiyo unayouza, ukweli wa hadithi hiyo ndiyo mtaji wako. Ukiongopa, umekula mtaji.

MADARAJA MANNE, NA KILA MOJA LINA BEI YAKE

Kwenye soko hili, neno "original" peke yake halitoshi. Wakusanyaji wanatofautisha hivi:

1. Kifaa halisi. Kile kilichotumika kwenye kurekodi. Hata hapa kuna tofauti: kuna kilichotengenezwa vizuri kwa ajili ya kusogezwa karibu na kamera, na kuna cha mpira au plastiki tupu cha kuonekana kwa mbali au cha kuanguka nacho wakati wa mapigano. Bei haziko karibu hata kidogo.

2. Mfano wenye leseni. Kampuni imelipia haki kwa mwenye tamthilia. Mfano ni The Wand Company ya Uingereza. Mwaka 2012 walitoa bisibisi ya ajabu ya Doctor Who ambayo kumbe ni rimoti ya TV, na mwaka 2016 wakatoa simu ya Star Trek inayounganishwa na simu yako kwa Bluetooth.

3. Mfano wa shabiki. Mtu kakaa kwake, kachonga, kafinyanga au kachapa kwa printa ya 3D. Kingine ni kizuri kuliko cha kiwandani, lakini hakina leseni.

4. Toi lililofanyiwa kazi. Limenunuliwa toi la watoto la kawaida, likapakwa rangi upya, likawekewa taa, likachakazwa makusudi lionekane limetumika.

Hakuna daraja la aibu hapo. Aibu ni kuuza la nne kwa jina la kwanza.

Mwaka 2006 kulikuwa na mnada mkubwa wa vifaa vya Star Trek New York. Modeli ya chombo cha angani ilifika dola 576,000. Kwenye mnada huohuo, mnunuzi mmoja alilipa dola 6,000 kwa kofia ya kukinga macho ambayo mhusika Data huvaa akicheza karata. Baadaye akampelekea mwigizaji mwenyewe aisaini. Mwigizaji akaiangalia, akamwambia hii siyo, ile halisi nilishaiuza mimi. Mnunuzi akaenda mahakamani.

Kofia ni ileile, macho yanaona kitu kilekile. Kilichoanguka ni maneno yaliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo unapoandika maelezo ya bidhaa, usidhani unapamba posti tu. Unaandika mkataba.

KAZI YENYEWE INAFANYIKAJE

Tuseme umepata toi la zamani la bunduki ya mwanga kwenye rundo la mitumba. Wanaojua wanafanya hivi:

Kwanza hawakurupuki. Wanaliangalia. Kama liko kwenye boksi lake halijafunguliwa, wanaliacha hivyohivyo, kwa sababu mkusanyaji analipia boksi kuliko rangi mpya. Linalofaa kufanyiwa kazi ni lile lililochoka: limekwaruzika, halina stika, haliwaki.

Pili wanafungua skrubu na kupiga picha kila hatua, ili wakati wa kurudisha wasibaki na vipande mkononi. Kwenye nyumba ya betri mara nyingi kuna unga mweupe wa betri zilizovuja. Pamba yenye siki kidogo inausafisha, halafu unafuta na kuacha ikauke kabisa.

Tatu ni msasa. Ile alama ya pale plastiki mbili zilipoungana ndiyo inayosema "mimi ni toi". Wanaijaza puti, wanapiga msasa namba 220, kisha 400, wanamaliza na 600. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochoka mapema, na ndipo mteja anapoona tofauti.

Nne ni rangi. Praima kwanza, halafu rangi kwa kupuliza tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke. Ukipuliza nene mara moja, itatiririka kama machozi.

Tano ni kuchakaza. Wanapaka rangi nyeusi iliyoyeyushwa sana, wanaifuta kabla haijakauka, inabaki kwenye mifereji kama uchafu wa miaka. Kisha brashi karibu kavu yenye rangi ya fedha inapitishwa kwenye kingo, panaonekana kama chuma kilicholika kwa mkono. Wanafunga na vanishi isiyong'aa.

Mwisho taa. LED ndogo na rezista yake, na swichi ileile ya zamani. Usiruke rezista, LED itaungua siku ya kwanza na mteja atarudi.

KOFIA ILIYOFUNGISHA MADUKA

Sasa hapa ndipo penyewe. Mwaka 2002 Marekani ilionyeshwa tamthilia ya anga inaitwa Firefly. Haikumaliza hata mwaka, ikakatwa. Ila mashabiki waliipenda sana. Kwenye kipindi kimoja, mhusika Jayne anapokea kutoka kwa mama yake kofia ya kufuma, ya rangi ya chungwa na njano, yenye masikio na kishungi juu. Mbaya, lakini ya upendo.

Mashabiki wakaanza kuifuma. Akina mama na wasichana wakaiuza kwenye Etsy, ambalo ni soko la mtandaoni la kazi za mikono. Miaka ikapita, hakuna aliyewauliza. Wakaona ni halali yao.

Mwaka 2013 kampuni nyingine ikapata leseni ya kutengeneza kofia hiyo kiwandani. Muda si mrefu, wafumaji wa Etsy wakaanza kupokea barua kutoka kwa mwenye haki, Fox: acheni kuuza. Watu waliokuwa na oda mkononi na nyuzi zimeshanunuliwa wakalazimika kutoa matangazo yao. Mashabiki walikasirika mpaka ThinkGeek, duka lililokuwa linauza zile za kiwandani, likatangaza kwamba faida ya kofia hizo itaenda kwenye hisani.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, BBC ilimtaka shabiki mmoja Uingereza aondoe mtandaoni michoro ya kufuma vidoli vya viumbe wa Doctor Who. Yeye aligawa bure, lakini watu wengine walikuwa wanafuma na kuuza.

Funzo ni moja: kimya cha mwenye jina siyo ruhusa. Anaweza kunyamaza miaka kumi, siku akipata mtu wa kumlipa, anakukumbuka. Na hili halihusu nyota na anga tu. Tanzania kuna FCC, yaani Tume ya Ushindani, Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na kazi yao mojawapo ni hiyo. Mkoba wenye nembo ya mtu ni kofia ya Jayne, tofauti ni rangi.

Kwa hiyo usijenge biashara nzima juu ya jina ambalo siyo lako. Jenga juu ya mkono wako. Wapo kwenye soko hili wanaouza huduma: mteja analeta toi lake alilonunua kihalali, wewe unampakia rangi, unamwekea taa, unamtengenezea stendi ya mbao. Hapo unauza ufundi, na hatari inapungua sana. Nairobi kuna tamasha la Naiccon ambako watu huvaa kama wahusika wa filamu na katuni, na watu wa namna hiyo wanahitaji fundi.

PANGA BEI KAMA FUNDI

Mfano wa hesabu, namba weka zako:
Toi: 8,000
Msasa na puti: 2,000
Sehemu ya rangi, praima na vanishi uliyotumia: 12,000
LED, rezista na waya: 3,000
Saa 6 za kazi kwa 3,000: 18,000
Boksi na kufungia: 2,000
Jumla: 45,000

Ukiuza 45,000 umejilipa mshahara, lakini biashara haijapata kitu. Uza 60,000, ile 15,000 ndiyo faida ya kununulia toi lingine. Ukiuza 30,000 "ili litoke haraka", umempa mteja 15,000 kutoka mfukoni mwako.

ANDIKA POSTI YA KUKULINDA

Badala ya "Bunduki original ya kwenye muvi, kali sana, karibu inboksi", andika:

"Toi la miaka ya nyuma, nimelifanyia kazi mwenyewe. Rangi mpya, taa mpya, mikwaruzo ya kingo nimeitengeneza makusudi. Siyo kifaa kilichotumika kwenye tamthilia na halina uhusiano na kampuni yoyote. Urefu sentimita 22. Swichi ya pili haifanyi kazi. Bei 60,000."

Weka picha ya kabla, picha ya baada, na picha ya kasoro. Kasoro ukiitaja wewe ni maelezo. Akiigundua yeye ni utapeli. Na maneno "halina uhusiano na kampuni yoyote" yanamwambia mteja ukweli, lakini hayageuki leseni. Usidanganyike.

Kusafirisha: toa betri, maana usafiri wa ndege una masharti kuhusu betri, hasa za lithiamu. Kitu chenye umbo la bunduki mwambie mtu wa parseli kabla hajakiona kwenye mashine, na andika wazi kuwa ni toi. Marekani toi linalofanana na bunduki halisi kwa kawaida linatakiwa liwe na ncha ya rangi ya chungwa. Mteja akitaka uifiche kwa rangi, mkatalie.

Leo kabla hujalala, fungua posti yako inayouza kuliko zote. Isome kama vile wewe ndiye uliyelipa dola 6,000 kwa ile kofia. Kama kuna neno moja ambalo huwezi kulitetea mbele ya mteja, lifute sasa hivi, halafu mtumie mwenzako naye akague yake.