Shibe ya Kufika Saa Saba

Mtu akikuuliza asubuhi, "Umekunywa chai?", hakusudii kikombe. Anataka kujua kama umekula. Chai imebeba jina la mlo mzima, na vyote vinavyoliwa nayo, maandazi, vitumbua, chapati, mkate, tumevikusanya katika neno moja: vitafunwa. Vitu vya kutafuna tu, wasindikizaji wa kikombe. Lakini mezani wasindikizaji ndio waliokalia viti vyote. Ukivichunguza utaona karibu vyote ni ndugu wa tumbo moja: unga uliokobolewa au mchele, mafuta na sukari, vikibadilishana sura.

Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kufanya kazi ya ofisini. Chapati mbili saa moja na nusu. Kufika saa nne tumbo linanguruma na macho yanamtafuta muuza karanga mlangoni.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua chapati iliyosukumwa kwa unga mweupe wa gramu 60 na kunywa mafuta gramu 10, ambayo ni chini ya kijiko kimoja cha chakula. Hapo pana kalori 300 hivi. Chapati mbili ni 600. Ongeza chai yenye nusu kikombe cha maziwa na vijiko vitatu vya sukari, umefika 700. Protini yote iliyomo humo, ukijumlisha ya unga na ya maziwa, ni gramu 15 tu. Umekula nishati ya kutosha mlo mkubwa wa mchana, na bado saa nne una njaa. (Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, jina lake kamili ni kilokalori.)

Kwa nini chakula chenye nishati nyingi hivyo kishindwe kumshikilia mtu saa tatu? Kiswahili kina maneno mawili ambayo tukiyatenganisha yatatusaidia. Kukinai ni pale unaposukuma sahani kwa sababu hutaki tena. Shibe ni hali inayobaki baada ya hapo mpaka njaa irudi. Mtu anaweza kukinai kwa vipande vitatu vya halua, na baada ya muda mfupi akaulizia chakula. Wataalamu wa lishe nao huyapima mambo haya mawili mbalimbali, na anayetaka mlo mzuri wa asubuhi hana budi kuyatafuta yote mawili.

Kukinai huanzia kwenye kuta za tumbo. Zina vihisio vinavyotambua kutanuka na kupeleka habari kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi. Vihisio hivyo havijui kuhesabu kalori. Vinachojua ni ujazo. Bakuli la supu na kipande cha andazi vikiwa na kalori sawa, bakuli ndilo linalosikika zaidi. Shibe ina wasemaji wengine. Tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini, iliyotangazwa na Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao wa Japani mwaka 1999, na kazi yake mojawapo ni kuamsha njaa. Chakula kikishafika kwenye utumbo, utumbo nao hujibu kwa homoni zake, zikiwemo zile zinazoitwa PYY na GLP-1, kuuambia ubongo kwamba yatosha. GLP-1 ndiyo iliyoigwa kutengeneza sindano za kupunguza uzito ambazo matajiri wa dunia wanazigombania siku hizi. Protini huchochea homoni hizo vizuri, bila sindano, ingawa kwa nguvu ndogo mno ukilinganisha na dawa.

Protini ina faida nyingine isiyosemwa sana: ni ghali kwa mwili kuimeng'enya. Katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 hutumika katika kazi hiyo yenyewe. Kwa wanga ni 5 hadi 10, na kwa mafuta ni 3 au chini ya hapo.

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliamua kuipima shibe kama mtu anavyopima joto. Walichukua vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori 240, wakawalisha watu waliojitolea, kisha kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa mbili wakawauliza wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100, na vingine vikalinganishwa nao. Samaki alipata 225. Uji wa oti 209, machungwa 202, maharage ya kopo 168, mayai 150. Donati, ambayo ni binamu wa andazi letu, ilipata 68, na croissant ya Wafaransa ikashika mkia kwa 47.

Aliyeongoza ndiye aliyewashangaza wengi: kiazi cha kuchemsha, alama 323. Kiazi hichohicho kilipokatwa na kukaangwa kikawa chipsi, alama zilianguka hadi 116. Mafuta yameongeza kalori, maji yametoka, sahani imepungua. Na karanga, licha ya sifa zake zote, zilipata 84. Si kwamba hazina protini. Gramu 100 zina protini gramu 25. Lakini zina kalori zaidi ya 550, kwa hiyo kalori 240 za karanga ni konzi moja tu. Muuza karanga wa saa nne anauza chakula kizuri, ila hauzi shibe ya bei nafuu kikalori.

Jaribio lile lilikuwa dogo, kila chakula kikipimwa kwa watu 11 hadi 13, na andazi, mihogo au mbaazi havikuwamo. Hata hivyo mwelekeo wake umeungwa mkono na tafiti nyingi zilizofuata: maji, protini na nyuzinyuzi hupandisha shibe, mafuta huishusha.

Maji, lakini, yana masharti. Hapa ndipo chai inapopoteza kesi. Mwaka 1999 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliwapa wanawake 24 chakula cha kuku na wali kabla ya mlo wa mchana, siku tofauti kwa namna tatu: kikavu, kikavu na glasi ya maji pembeni, na siku nyingine maji yaleyale yakapikwa pamoja na chakula kilekile kikawa supu. Kalori hazikubadilika. Glasi ya pembeni haikusaidia kitu. Siku ya supu, wanawake wale walipunguza kiasi walichokula katika mlo uliofuata kwa takriban robo. Maji yanayonywewa kando, na chai ni hayohayo, hupenya na kutoka tumboni mapema; yaliyochanganyika na chakula hukaa nacho.

Kwa hiyo yule jamaa anayeketi kwenye benchi la supu saa kumi na mbili na nusu, kando ya kituo cha daladala, ana akili kuliko anayenunua maandazi manne kwenye karatasi. Tatizo lake ni chapati tatu anazozichovya. Supu yenyewe, ya kuku wa kienyeji, ya samaki au ya nyama isiyo na mafuta mengi, ni maji, protini na chumvi (chumvi nayo tuiangalie). Mafuta yake yanaelea juu, yanaonekana, na kijiko kinaweza kuyaengua. Supu ya pweza nayo ni hazina: gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini karibu gramu 30 kwa kalori 160 na ushee. Sifa zake nyingine zinazonadiwa na wauzaji wa jioni nitawaachia wenyewe. Supu ya kongoro ina heshima yake, hasa Jumapili asubuhi kwa waliochelewa kulala, lakini uzito wake ni wa jelatini, na jelatini haina kabisa triptofani, mojawapo ya amino asidi ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa protini, iongezee yai.

Na yai liwe la kuchemsha. Kuna vijana wa mazoezi wanaovunja mayai mabichi kwenye glasi na kumeza, wakiamini moto unaua nguvu. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walilipima hilo mwaka 1998: protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91, ya yai bichi kwa asilimia 51. Anayemeza bichi anatupa karibu nusu ya alichonunua, na juu yake anabeba hatari ya bakteria wa salmonela. Yai moja lina kalori 70 hivi na protini gramu 6. Likikaangwa ndani ya vijiko viwili vya mafuta kwa ajili ya chipsi mayai, tunazungumzia kitu kingine.

Baada ya supu na yai, maharage. Haya ndiyo ninayoyapigia debe, kwa sababu ni protini ya mtu wa kipato chochote. Gramu 150 za maharage yaliyochemshwa, bakuli dogo tu, zina kalori 190, protini gramu 13 na nyuzinyuzi karibu gramu 10. Mbaazi hazipo mbali sana. Nyuzinyuzi hizo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na huo ni msaada wa pili ambao chapati nyeupe haina.

Mtu wa Mombasa ataniuliza kuhusu nazi. Sithubutu kumwambia aile mbaazi bila tui. Namwomba tu akumbuke kwamba tui la kwanza lina kalori 230 kwa kila gramu 100, kwa hiyo robo kikombe ni kama kuongeza mayai mawili ya nishati bila protini yake. Tui la pili, lile jepesi, linatoa harufu na ladha kwa gharama ndogo. Na hamri liwe moja.

Wala chapati siifukuzi mezani. Protini ya maharage imepungukiwa amino asidi ya methionini, ya ngano imepungukiwa ile ya lisini, na kila moja inayo ile iliyopungua kwa mwenziwe. Wazee waliozikutanisha hawakuwa na maabara, ila mkono wao haukukosea. Kilichoharibika ni vipimo: chapati imekuwa bwana na maharage yamekuwa mchuzi wa kulowekea. Vigeuze. Mayai mawili ya kuchemsha, bakuli la maharage yaliyoungwa kwa nyanya na kitunguu bila mafuta mengi, kachumbari ya kutosha yenye limau na pilipili, chai ya rangi yenye tangawizi bila sukari: jumla ni kalori 360 hivi na protini gramu 25. Ukiongeza nusu chapati unafika 510, bado uko chini ya 700 za mwanzo, na protini imekaribia mara mbili.

Asiyependa mayai anaweza kuweka glasi ya mtindi usiotiwa sukari, protini gramu 8 na kalori 150. Wengi ambao maziwa fresh huwasumbua tumbo huuvumilia vizuri zaidi. Dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wakipikwa kwa nyanya badala ya kukaangwa wanaingia popote. Najua dagaa asubuhi si desturi ya wengi. Uji wa ulezi una ujazo mzuri lakini protini yake ni haba, na mkono wa sukari huwa mzito. Uandamane na yai.

Nisidai kupita kiasi. Ule msemo kwamba kifungua kinywa ndicho mlo muhimu kuliko yote hauna ushahidi wa kutosha kwa anayetaka kupungua. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13, mengi ya Marekani na Uingereza, wakaona waliokula asubuhi walikula kalori 260 zaidi kwa siku kuliko walioruka mlo huo. Kama huna njaa asubuhi, hakuna anayekulazimisha. Haya yanamhusu anayekula na kujikuta na njaa saa nne. Mwaka 2013 Heather Leidy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, waliwachunguza wasichana 20 wenye uzito mkubwa waliokuwa na mazoea ya kuruka mlo wa asubuhi: walipopewa mlo wa kalori 350 wenye protini gramu 35, walipunguza kutafuna vitu vya mafuta jioni.

Wala mlo huu wa protini haumfai kila mtu. Mpagazi wa Kariakoo anayebeba magunia kuanzia alfajiri anazihitaji zile kalori 700, chapati zake ni mafuta ya injini. Mtoto anayekua na mama anayenyonyesha wasinyimwe chakula kwa jina la kupunguza mwili. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari, na anayetumia dawa za kisukari asipunguze wanga ghafla bila ushauri, kwani sukari inaweza kushuka vibaya.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni mkaa na muda. Hakuna anayechemsha maharage saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yachemshwe mara moja kwa juma, yagawanywe kwenye vikopo, yawekwe kwenye friza; asubuhi ni kuyaunga tu, dakika kumi. Yaloweke kwanza na maji yake yamwagwe, maana humo hutoka sehemu ya sukari zinazosababisha gesi. Kisha yatokote kwa nguvu mpaka yaive kabisa, kwa kuwa maharage mekundu yasiyoiva yana lektini inayotapisha. Basi ukitaka kujaribu kesho kutwa, anza usiku wa leo: chambua vikombe viwili, loweka, ulale.