Ndege za Vita vya Kale: Zirushwe au Zihifadhiwe?

Huko Uingereza na Marekani kuna hoja isiyokwisha kuhusu ndege chache zilizosalia za Vita vya Pili vya Dunia: je, ziendelee kurushwa, au zitulizwe katika majumba ya makumbusho? Twaweza kudhani jambo hilo halituhusu. Lakini kila jamaa iliyorithi kitu adimu, hata kama ni msahafu ulioandikwa kwa mkono, hukutana na swali hilohilo.

Mfano tunaouona kuwa wazi zaidi ni wa ndege ya Waingereza iitwayo Mosquito. Hiyo iliundwa kwa mbao. Kazi ikapewa maseremala na mafundi wa samani, na miongoni mwa waliozipiga gundi mbao hizo walikuwamo wanawake. Mbao nyepesi ya balsa iliwekwa baina ya tabaka mbili za plaiwudi. Gundi ya mwanzo ilitokana na maziwa. Kiwiliwili kiliundwa kwa nusu mbili katika kalibu, kisha nusu hizo zikaunganishwa kama maganda ya kunde. Ziliundwa 7,781, lakini mbao na gundi havidumu kama chuma, na nyingi zikaoza.

Kufikia mwaka 1996 ilibaki moja tu duniani iliyoweza kuruka. Tarehe 21 Julai mwaka huo, katika maonyesho ya Barton karibu na Manchester, injini yake ya kushoto ilipoteza nguvu, ndege ikamshinda rubani na kuanguka. Watu wawili waliokuwamo walifariki. Ile ya kwanza kabisa, iliyoruka mwaka 1940, ingalipo hadi leo katika makumbusho ya Hertfordshire, mahali palepale ilipoundwa.

Je, hoja imekwisha? La. Huko New Zealand mafundi walichonga kalibu upya na kujifunza kazi iliyokuwa imesahaulika. Septemba 2012 wakairusha Mosquito iliyokuwa imetelekezwa shambani Kanada. Lau wote wangeridhika kuzitazama tu, ujuzi huo ungalizikwa pamoja na wazee waliokuwa nao. Wapo wanaonung'unika kwamba ndege yenye mbao mpya kiasi kile si ya kale tena. Nasi watu wa pwani twajua jahazi hubadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, na jina lake likabaki lilelile.

Linalotutia uzito ni roho za watu. Mwaka 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya kivita aina ya Hawker Hunter iliangukia barabara iliyo nje ya uwanja wa maonyesho na kuua watu 11. Mwaka 2019, katika jimbo la Connecticut, Marekani, ndege ya B-17 ilianguka na kuua watu 7, wakiwamo abiria waliolipa ili waonje safari ya kale. Mwaka 2022, mjini Dallas, B-17 nyingine iligongana angani na ndege ndogo. Watu 6 wakafa mbele ya macho ya watazamaji, na watoto wakiwamo.

Basi rai yetu ni hii. Ndege iliyobaki pekee ya aina yake isirushwe kabisa, kwani ikipotea hakuna fundi awezaye kuirudisha. Iliyojengwa upya na iruke, maadamu kalibu zake zipo, na wawemo wale tu wanaoijua hatari yake. Abiria wa kulipa wasipandishwe. Na isipite juu ya vichwa vya watu: baada ya msiba wa Shoreham, wakuu wa usafiri wa anga wa Uingereza walizizuia ndege za jeti za kale kufanya sarakasi juu ya nchi kavu. Amri hiyo ilistahili kutolewa kabla ya jamaa 11 kufiwa.