Mguu Usiosikia Maumivu

Ndugu wafanyakazi na mama wa nyumba, safari hii ukurasa wetu hauna habari ya kofia wala ya miwani ya kazini. Tutazungumza habari ya miguu, na hasa miguu ile isiyomlalamikia mwenyewe.

Watu hufika dispanseri na maneno yaleyale. Mmoja anasikia kama sisimizi wanatembea ndani ya nyayo. Mwingine anasema miguu inawaka moto usiku, lakini ukiigusa ni baridi. Mwingine anatembea kama juu ya pamba, au sandali ilimtoka njiani asijue mpaka alipofika mlangoni kwake. Nyumbani wamekwisha kuambiwa kwamba ni uchovu wa kazi, au kwamba mtu amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Wengine wamekwisha kuchanjwa chale. Mambo hayo yanakula miezi, na katika ugonjwa huu miezi ndiyo yenye thamani.

Tuanze na mishipa. Mishipa ya damu hupeleka damu. Hiyo kila mtu anaijua. Mishipa ya fahamu hupeleka habari, kama waya za simu: hapa pana moto, hapa pana mwiba, kunja kidole. Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ikiharibika, waganga husema mtu ana neuropati. Neuropati si ugonjwa mmoja, ni hali inayoletwa na magonjwa mengi. Mara nyingi mishipa iliyo mirefu zaidi huumia kwanza, ndiyo maana ganzi huanza vidoleni mwa miguu, ikapanda polepole kama mtu anayevaa soksi, na baadaye ikashika vidole vya mikono.

Kwetu huku Kasongo na Kabambare sababu ziko nyingi. Ugonjwa wa sukari umo, na watu wengine hujua kwamba wanao siku ile kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Anayesikia kiu ya daima, anayeamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa, au anayeona sisimizi wakikusanyika penye mkojo wake, apimwe damu. Pombe kali nayo, lotoko ya kila siku na chakula kidogo, huiua mishipa ya fahamu bila kelele. Mahali ambapo dhahabu hushikwa kwa zebaki kisha zebaki ikachomwa, moshi wake hutetemesha mikono na kudhuru mishipa. Asiichome mtu ndani ya nyumba wanamolala mama na watoto. Mashine za kutoboa miamba zinazotikisika saa nyingi huacha vidole vya mikono vyeupe na vyenye ganzi.

Iko sababu nyingine inayotoka dawani. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa izoniazidi, dawa nzuri inayookoa uhai, lakini kwa watu wengine huleta ganzi kwa kuwa hupunguza vitamini B6 mwilini. Ukiona hivyo usiache vidonge hata siku moja. Mwambie infirmie, atakuongezea vitamini hiyo. Kuacha vidonge kwa sababu ya sisimizi wa miguuni ni kurudisha kifua kikuu, tena kikiwa kikali zaidi.

Kisha uko ukoma. Najua neno hili linawafanya watu wageuze uso. Lakini ukoma haujaisha. Kongo bado huandika maelfu ya wagonjwa wapya kila mwaka. Kijidudu chake kiligunduliwa na mganga wa Norwe, Hansen, mwaka 1873, na kinapenda mishipa ya fahamu kuliko kitu kingine. Alama ya kwanza mara nyingi ni baka la ngozi lililofifia au lenye wekundu, lisilowasha, na ukiligusa kwa unyoya wa kuku mwenyewe hasikii. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia linashauri dawa za kuchanganya: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Dawa hizo hutolewa bure. Mtu akianza kuzinywa, baada ya muda mfupi hawezi tena kuwaambukiza wa nyumbani. Na kama ganzi au ulegevu wa mkono haujapita miezi sita, viko vidonge vingine ambavyo infirmie anaweza kumpa ili kuuokoa mshipa. Ndiyo sababu nilisema miezi ina thamani.

Msichanganye jambo hili na konzo. Konzo hutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, huja ghafla, na hukaza miguu yote miwili, lakini ngozi inasikia. Imeonekana sana Kwango, na pia Kivu ya Kusini. Dawa ya kuizuia ni kuloweka mihogo siku za kutosha, wala si habari ya leo.

Sasa nifike penye kiini. Watu wa zamani waliamini kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Mganga wa kupasua, Mwingereza Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, Uhindi, mwaka 1946, alichunguza wagonjwa wake kwa makini akaona sivyo. Vidole vilipotea kwa sababu ya moto, visu, viatu na vidonda ambavyo mtu hakuvisikia, akaendelea kuvikanyagia. Mtu mzima mwenye jiwe ndani ya kiatu huchechemea baada ya hatua tatu. Mwenye ganzi hachechemei. Nimekwisha kumwona mtu aliyemaliza zamu nzima na kijiwe ndani ya buti, akashangaa jioni kuona soksi imelowa damu. Maumivu tunayoyachukia ndiyo mlinzi wa mwili, na mlinzi huyu akilala, macho lazima yashike zamu yake.

Mambo ni yaleyale kwa mgonjwa wa sukari. Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa sukari wa Dar es Salaam waliotafunwa miguu na panya usiku. Wazee husema panya huuma akipuliza. Kwa mgonjwa huyu hana haja hata ya kupuliza. Basi chandarua kisichomekwe kwa ajili ya mbu tu.

Namna ya kujipima

Hakuna chombo cha kununua. Waganga wa Ipswich, Uingereza, walionyesha kwamba kidole cha mkono kinatosha. Mgonjwa alale, afumbe macho. Mke, mume au mtoto mkubwa amguse polepole, bila kusukuma, kwa muda wa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Ni vidole sita. Mgonjwa aseme ni mguu gani kila anapoguswa. Asiposikia viwili au zaidi, miguu hiyo haina mlinzi tena, aje dispanseri. Mwenye sukari apimwe hivi hata kama hana neno la kulalamika.

Wako wanaojua kabisa kwamba miguu imekufa ganzi, na wananyamaza. Wanaogopa kapita atasema hawafai kazi. Mimi nawaambia hivi: mwenye ganzi anayejulikana anaweza kutafutiwa kazi isiyo na moto wala vyuma vyenye makali, na anayejificha hukaa kazini mpaka siku ya kidonda, kisha hukaa hospitali miezi, na wengine hurudi na mguu mmoja. Tena habari za mgonjwa ni siri ya dispanseri. Hazipelekwi kwa kapita bila mwenyewe kukubali.

Na wenye maumivu ya moto usiku je? Hao wanapata shida ya pekee, kwa sababu mguu hauna jeraha wala uvimbe, nao wa nyumbani hufikiri ni uvivu. Si uvivu. Mshipa ulioharibika hupiga kelele ya uongo. Paracetamoli humsaidia kidogo tu. Iko dawa nyingine, amitriptilini, ambayo mganga huianza kwa kipimo kidogo jioni. Mama wa nyumba, mume akikataa shuka lisimguse miguu, usimcheke.

Kila jioni

Miguu ioshwe kwa maji yasiyo ya moto, na maji yapimwe na mwingine, kwa maana mguu wenye ganzi hauwezi kupima. Ikaushwe vizuri hata katikati ya vidole. Kisha itazamwe, juu na chini. Asiyeweza kuona nyayo atumie kioo au jicho la mtu. Ndugu Waislamu wa Kasongo wanaoosha miguu kwa ajili ya sala tayari wana nafasi kadhaa kwa siku, hawana ila kuongeza kutazama. Ngozi iliyokauka ipakwe vaselini au mafuta ya mawese, isipokuwa katikati ya vidole. Mwenye ukoma ambaye nyayo zimepasuka aloweke miguu katika maji baridi karibu nusu saa kabla ya kupaka mafuta. Mwenye sukari asiloweke, ngozi yake hulainika na kufunguka.

Kabla ya kuvaa buti, ingiza mkono ndani. Tafuta msumari, kijiwe, mshono uliosimama. Usitembee pekupeku hata uani. Usiote moto kwa miguu. Juu ya pikipiki angalia bomba la moshi. Ngozi huungua pale na abiria mwenye ganzi hajui mpaka ashuke. Mama anayepika kwa mikono isiyosikia ashike sufuria kwa kitambaa kinene kila mara, wala asitegemee mazoea.

Kutazamana miguu

Mashauri haya ni rahisi kusoma. Kuyafuata kila jioni miaka kumi, peke yako, ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi huanguka. Ethiopia walilijua hilo. Kuanzia miaka ya 1990 hospitali ya ALERT ya Addis Ababa ilisaidia waliougua ukoma kuunda vikundi vya kujitunza. Walikutana wao kwa wao, wakatazamana miguu na mikono, wakaoshana vidonda. Vidonda vikatunzwa vizuri zaidi, na watu waliokuwa wakijificha wakapata nguvu ya kukaa tena na wenzao. Katika shida hii anayeelewa haraka kuliko wote ni yule ambaye naye alikwisha kuunguzwa na sufuria asijue.

Sisi watu wa huku tunajua likelemba. Kila mtu huleta kidogo, na zamu ya kupokea huzunguka. Kikundi cha miguu ni likelemba ya macho. Watu sita mpaka kumi, siku ya mapumziko, chini ya kivuli, kila mmoja na kiti chake na beseni. Kila mguu unatazamwa na mtu asiyekuwa mwenyewe. Anayejua kuandika ashike daftari: tarehe, mguu gani, kidonda wapi, kimepungua au kimeongezeka. Na kama wanaweza kuweka fedha kidogo, mwenye zamu anunue viatu: vilivyo vipana mbele, vyenye ndani laini na chini pagumu, bila misumari.

Wengine wameniuliza kama wenye sukari wakae mbali na waliougua ukoma. Mimi naona wakae pamoja. Aliyekunywa dawa zake za ukoma haambukizi mtu, na mguu wenye ganzi unataka ulinzi uleule, ijapokuwa lile jambo la kuloweka linatofautiana. Tena jina baya la ukoma hupungua pale watu wanapoona fundi wa umeme na mchimbaji wameketi juu ya beseni moja kwa kidonda kimoja.

Naogopa mambo mawili tu katika vikundi. La kwanza ni muuza mizizi anayejiunga ili awashauri watu waache vidonge. Huyo aondoke. La pili ni kikundi kujifanya hospitali. Kidonda chenye joto, uvimbe, harufu au weusi, au mgonjwa mwenye homa, hakingoji siku ya mkutano. Kinapelekwa kwa infirmie siku ileile. Kutoka vijiji vya Kabambare mpaka hospitali kubwa ya Kasongo njia ni mbaya, kila mtu anaijua, lakini kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kusafisha, kutoa dawa na kuandika karatasi ya kumpeleka mgonjwa mbele. Kasongo penyewe palijulikana katika miaka ya 1970 kwa kazi ya kupanga vituo kama hivyo, ili infirmie awe karibu na watu. Tuvitumie.

Anayetaka kuanza kikundi katika kambi yake aje dispanseri pamoja na mwenzake mmoja, si lazima wawe wengi. Nitawaonyesha kipimo cha vidole sita na namna ya kushika daftari. Waje na buti zao za kazini, maana nazo nitazitia mkono.