Stesheni Wagoni ya Mtumba kwa Mwenye Masurufu ya Kiasi

Mtu mwenye jamaa kubwa na mshahara mdogo, ambaye siku za kazi hupeleka watoto shule na siku za mapumziko hubeba magunia ya shamba au bidhaa za duka, aghalabu huishia kutamani gari la namna moja, nalo ni stesheni wagoni ya Kijapani iliyokwisha tumika, kwa kuwa ina nafasi ya mzigo nyuma, haili mafuta mengi, na bei yake hufikika kwa akiba ya miaka michache. Shauri hilo ni jema wala sina nia ya kulipinga. Linalonisikitisha ni kwamba wengi wa wanunuzi hao hutoa fedha zao zote, hata senti ya mwisho, katika kununua, wakasahau kwamba gari lenye umri wa miaka 12 au 20 lina madai yake gerejini. Na madai hayo yakifika ilhali mfuko ni mtupu, gari hulazwa uani, matairi yakapasuka kwa jua, mpaka likauzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Basi kabla hujaenda kwa dalali wala kuingia yadi, tenga robo ya fedha yako kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, ulitafute gari kwa zile robo tatu zilizosalia, na robo hiyo usiiguse hata ukionyeshwa gari zuri lililozidi bei kidogo tu.

Maradhi ya gari kuukuu ni ya namna mbili, na mnunuzi asiyejua kuzipambanua hupata hasara pande zote. Yako maradhi mepesi: bushi zilizoliwa, boljointi zilizolegea, shokomzoba zinazovuja, brekipedi zilizokwisha, beringi za magurudumu, plagi, betri. Spea za namna hii kwa magari ya Toyota zimejaa Gerezani, Kariakoo, kama zilivyojaa Kirinyaga Road, Nairobi, na fundi wa kawaida huzifunga kwa siku moja au mbili. Kisha yako maradhi mazito, nayo kwa hakika ni mawili tu, injini iliyokwisha kuchemka na gia boksi iliyochoka, ambayo lolote kati yake huweza kudai fedha inayokaribia nusu ya thamani ya gari. Ajabu ni kwamba yale mepesi ndiyo yenye kelele: mnunuzi husikia bushi ikigonga kwenye shimo akalikimbia gari zima lenye injini timamu, akaenda kulinunua jingine lililooshwa na kung'arishwa, linalonguruma kwa upole, kumbe hedi yake imekwisha kupinda.

Ukaguzi wa mfumo wa kupozea injini hauhitaji chombo chochote ila macho na subira, walakini sharti ufanywe injini ikiwa baridi kabisa. Kwa hiyo miadi iwe ya asubuhi, muuzaji aombwe asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika, weka kwanza kiganja chako juu ya boneti uthibitishe kwamba ombi limetekelezwa. Fungua kifuniko cha rejeta (abadan usikifungue injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yenye shinikizo huunguza uso) utazame ndani. Ukiona kimiminika cha waridi au cha kijani kilichojaa hadi shingoni, yamkini mwenye gari alikuwa na insafu nalo. Ukiona maji matupu yenye rangi ya kutu, fahamu kwamba limelelewa kwa maji ya bomba, na kwamba njia za ndani ya injini zinaliwa polepole. Na ukiona utando wa mafuta ukielea juu ya maji, basi gasketi ya silinda hedi imekwisha kuungua au hedi yenyewe imepinda, nawe ufunge kifuniko na kuaga. Tazama kadhalika upande wa ndani wa kifuniko cha oili, kwani oili iliyoingiliwa na maji huacha pale ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hayo liwashwe, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, likae papo hapo likinguruma mpaka feni ya rejeta izunguke yenyewe na kusimama yenyewe, mshale au taa ya joto ikiwa imetulia. Moshi wa buluu wakati huo maana yake ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokatika hata injini ikisha kupata moto maana yake ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Iko desturi moja ya gereji zetu ambayo naichukia. Fundi akiletewa gari linalochemka, badala ya kutafuta sababu, huing'oa themostati, ile valvu ndogo inayoyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafikie joto la takribani nyuzi 82, akamwambia mwenye gari kwamba katika nchi za joto kitu hicho hakina kazi. Sivyo hata kidogo. Injini isiyo nayo huchelewa mno kupata joto lake, na katika mwendo wa barabara kuu huweza isilipate kabisa. Kompyuta yake, ikidhani kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, huendelea kuongeza petroli. Oili haipati moto wa kukausha unyevu. Na ule ugonjwa wa asili, yaani rejeta iliyoziba au feni iliyokufa, hubaki umefichika mpaka siku ya foleni ya adhuhuri. Gari la namna hiyo hutambulika kwa kugusa rejeta baada ya kuwasha, kwa tahadhari: huanza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, ilhali kwenye gari zima hukaa baridi mpaka injini ipate moto wake, ndipo joto huingia kwa ghafla.

Ama kuhusu gia, anayeweza kuendesha manyueli na achague manyueli, kwa sababu klachi hubadilishwa katika kila mji. Otomatiki ya zamani yenye gia nne nayo ni ngumu na imezoeleka na mafundi. Ile inayoitwa CVT, ambayo ndani yake mna ukanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, si chombo kibaya, nayo hupunguza matumizi ya mafuta. Lakini ina oili yake mahsusi, na wengi wamelijaza gari lao oili ya otomatiki ya kawaida pasipo kujua, ukanda ukateleza, puli zikakwaruzika, na kwa kuwa mafundi wanaoweza kuifungua na kuirudisha ni wachache, dawa ikabaki ni kununua nyingine ya mtumba isiyo na dhamana. Lijaribu gari likisha pata moto, kwa mwendo wa kutambaa na kisha mlimani. Likitetemeka, au likikawia kuitika unapotia gia ya kurudi nyuma, liache.

Hapa ndipo tofauti ya magari inapodhihirika. Toyota Corolla Fielder ya umbo la E120, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2006, na Probox iliyotoka 2002 na kuendelea hadi 2014, zilikuja kwa manyueli au otomatiki ya gia nne. Fielder iliyofuata, na Probox iliyofanyiwa mabadiliko 2014, otomatiki zake nyingi ni CVT. Soma namba ya chasisi, kwani haisemi uongo kama dalali: NZE121 ni Fielder yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, nayo ndiyo iliyomo pia katika Probox ya NCP51. ZZE122 ni ya lita 1.8, na injini yake ya 1ZZ-FE, hasa ya miaka ya mwanzo, inajulikana kwa kula oili. Caldina ni pana na ya starehe, lakini zile zilizoandikwa D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na matengenezo yake si ya mtu wa kipato chetu. Subaru Legacy naipenda kwa jinsi inavyoshika barabara. Walakini mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 au injini iharibike, matairi yake yote manne sharti yalingane, na kazi nyingi za injini yake iliyolala hutaka fundi aliyeizoea.

Probox ina kasoro moja isiyotoka kiwandani. Ndiyo inayobeba miraa kwa kasi kutoka Meru, na ndiyo inayosafirisha abiria, kwa jina la mchomoko, vijijini Tanzania, kwa hiyo nyingi zimebeba maradufu ya mzigo wake. Inua zulia la nyuma utazame kama sakafu imebonyea au imechomelewa, ukaingie chini uone mahali springi zinapokalia.

Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, dai karatasi ya mnada, ulinganishe kilomita zake na zilizo kwenye dashibodi. Alama ya R au RA ni ya gari lililokwisha gongwa na kutengenezwa. Chunguza kutu chini ya bodi, kwa kuwa sehemu za theluji kule hunyunyiziwa chumvi barabarani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo huko E120 hupatikana tu kwa mwenyeji aliyekwisha kulitumia. Tanzania huliruhusu, lakini hulitoza ushuru wa ziada.

Rai yangu ni kwamba mwenye masurufu ya kiasi atafute NZE121 au NCP51 ya manyueli, iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kuonyesha risiti za oili, hata kama rangi imepauka na bushi zinagonga, kwa kuwa kasoro hizo zitamalizwa na ile robo uliyoitenga. Na muuzaji akikataa gari lisikaguliwe likiwa baridi, usilinunue, hata akikupunguzia bei.