Kloroplasti na Nasaba ya Mibuni ya Mbinga: Ushahidi wa Upande wa Mama na Mipaka Yake

Makala haya yanafafanua namna jenomu ya kloroplasti inavyotumika kubaini nasaba ya mimea, na mahali ambapo ushahidi wake unakoma. Mfano unaotumika ni mbuni wa arabika (Coffea arabica), zao kuu la biashara katika milima ya Umatengo, Mbinga.

Kloroplasti ni sehemu ya seli inayotengeneza chakula cha mmea kwa nguvu ya jua. Ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kiini cha seli. Jenomu ya kloroplasti ya arabika, iliyochapishwa mwaka 2007, ina jozi za besi 155,189: eneo kubwa lisilo na nakala (85,166), eneo dogo lisilo na nakala (18,137) na nakala mbili zilizogeuziana (25,943 kila moja). Kwa kuwa jenomu hii hubadilika polepole, mifuatano ya spishi mbalimbali hulinganishwa kwa urahisi, na tofauti chache zinazoonekana hutumika kuchora mti wa nasaba.

Hata hivyo, katika mibuni kloroplasti hurithiwa kwa mama. Sifa hii ilisaidia kufumbua asili ya arabika. Spishi hii ina kromosomu 44, ilhali Coffea canephora (robusta, ilimwayo Kagera) na Coffea eugenioides zina 22 kila moja. DNA ya kiini inadhihirisha kuwa arabika ni chotara wa spishi hizo mbili. Kloroplasti yake inakaribiana na ya eugenioides. Hivyo, huyo ndiye mama. Mtafiti anayetegemea kloroplasti pekee angempata mama na kumkosa baba.

Upungufu huo hauishii katika nadharia. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Ugano, Mbinga, imezalisha aina zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Duniani, chanzo kikubwa cha ukinzani dhidi ya kutu ni chotara wa Timor, aliyerithi jeni hizo kwa canephora. Nazo zimo katika kiini. Mche wenye ukinzani na usio nao, ikiwa ni ya mama mmoja, ina kloroplasti ileile. Mkulima aliyeng'oa mibuni ya zamani hungoja takribani miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Kosa la utambuzi hugunduliwa misimu hiyo ikiwa imekwisha kupotea.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mhogo hupandwa kwa pingili, hivyo mmea mpya hubeba kiini na kloroplasti za mzazi mmoja. Namna ya uzalishaji, basi, ndiyo inayoamua uzito wa ushahidi.

Inahitimishwa kuwa kloroplasti itumike kuchunguza ukoo wa mama na uhusiano wa spishi, ilhali utambuzi wa aina za miche uzingatie alama za DNA ya kiini.