Mhandisi wa mitambo na moto wa jikoni: somo kutoka Naitiri

Mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kusomea uhandisi wa mitambo, wengi wetu hapa Pwani tunaona mambo matatu tu: meli, kreni za bandari ya Kilindini na injini ya gari. Baba ataanza kukumbuka ni nani anayemjua bandarini. Mama ataomba dua mwanawe asirudi kila jioni na grisi kwenye shati. Ni wachache wanaojua kwamba mhandisi huyo huyo anaweza kumaliza umri wake wote wa kazi akichunguza jambo analolifanya mama mwenyewe mara tatu kwa siku, yaani kuwasha moto na kupika.

Wiki hii nataka tufahamishane kuhusu tawi hilo la uhandisi, utafiti na ufundishaji wa nishati endelevu. Mfano wangu nitauchukua Naitiri, mji mdogo wa Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, kwenye ukanda wa mashamba ya mahindi unaopakana na Kitale. Msomaji atauliza, mbona huko na si Likoni au Malindi? Kwanza, huko matatizo ya nishati ya kijijini yamekusanyika mahali pamoja, na mtu huyaona kwa macho. Pili, mahindi ya upande huo ndiyo yanayosagwa yakawa unga wa sima kwenye sahani zetu.

Nishati endelevu, kwa maneno mepesi, ni ile unayoweza kuitumia leo bila kumnyang'anya mjukuu wako. Jua, upepo, maji, joto la ardhini, na hata kuni, mradi miti inapandwa kwa kasi inayokatwa. Kwa umeme, Kenya imepiga hatua kubwa. Kituo cha kwanza cha joto la ardhini cha Olkaria kilianza kazi mwaka 1981, na siku hizi karibu asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hutoka kwenye vyanzo safi. Lakini ingia jikoni uone. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya nyumba za Kenya hupikia kuni, na nyingine karibu asilimia 12 hupikia makaa. Taa ni ya kisasa, meko ni yale ya bibi. Hapo ndipo mhandisi wa mitambo anapopata kazi yake.

Hesabu ya sufuria moja

Elimu ya mhandisi huyu imejengwa juu ya somo la joto: linatoka wapi, linakwenda wapi, na kiasi gani linapotea njiani. Tufanye hesabu yake pamoja.

Kuchemsha lita 5 za maji, kutoka nyuzi 25 hadi 100, kunahitaji kama kilojuli 1,570 za nishati. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kama kilojuli 16,000. Gawanya. Utaona kwamba gramu 100 za kuni, kijiti kinachoshikika kwa mkono mmoja, zingetosha kuchemsha maji hayo kama joto lote lingeingia kwenye sufuria. Lakini kwenye mafiga matatu, joto linalofika kwenye chakula ni kama asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa hiyo mama anachoma karibu kilo nzima kwa kazi ya kijiti kimoja.

Zile gramu nyingine 900 zimekwenda wapi? Sehemu imechukuliwa na upepo. Sehemu imepasha mawe na ardhi. Sehemu imepanda juu pembeni mwa sufuria bila kuigusa. Na sehemu imetoka kama moshi, kwa sababu moshi si chochote ila kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Moshi huo huo ndio unaoingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya mapema milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Katika dini yetu tunakatazwa israfu, na sioni israfu kubwa kuliko hii ya kuteketeza kilo nzima ili upate faida ya gramu 100, kisha hasara ikaishia mapafuni mwa mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mhandisi anaigawa shida hiyo mara mbili. Moja, namna ya kufanya kuni ziungue zikaisha, bila moshi. Pili, namna ya kulifikisha joto kwenye sufuria. Ni mambo mawili tofauti, na jiko likifanya moja vizuri linaweza kuharibu la pili. Kupima nako ni kazi. Anapima kuni kwa mizani kabla na baada, anatia kipimajoto majini, anarudia mara nyingi, anaandika. Ukimwona utadhani ni mpishi asiyejua kuondoa sufuria motoni.

Mahali nako pana hukumu yake. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama hapa kwetu. Kwa hiyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu zaidi na kula kuni zaidi. Jiko lililojaribiwa Mombasa peke yake halijajaribiwa kwa mtu wa Naitiri.

Magunzi na unyevu

Nilipopita Naitiri msimu wa mavuno, nilikuta mahindi yameanikwa kila mahali, juu ya maturubai, uwanjani na kando ya barabara. Nikamuuliza mama mmoja mwenye boma kama kuni zinapatikana. Akacheka. "Baba, saa hii hatutafuti kuni, tunachoma magunzi. Shida yetu ni hii mvua."

Jibu lake lina kazi mbili za mhandisi ndani yake. Magunzi, yale mabaki ya hindi lililopukuchuliwa, ni nishati inayotupwa kwa wingi kila msimu. Huungua haraka, huhitaji hewa ya kutosha, na jiko la kuni halikuundwa kwa ajili yake. Mvua nayo ni tishio kubwa zaidi. Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo yahifadhiwe salama. Yakiwekwa mabichi huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2004, huko Ukambani na maeneo jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mhandisi akibuni tanuri linalochoma magunzi, likapasha hewa, na feni ikaipuliza hewa hiyo ya moto kwenye mahindi bila kuyatia moshi, taka imekuwa dawa. Mkulima hasubiri jua. Nasi wa Pwani tunakula sima bila hofu. Ni kazi ya joto, hewa na bati, lakini mwisho wake ni uhai wa watu.

Walimu wa moto

Watu wa kazi hii wapo. Larry Winiarski, mhandisi wa mitambo kutoka jimbo la Oregon, Marekani, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanuni za jiko linaloitwa roketi. Jina ni kubwa lakini siri yake ni ndogo: chumba cha moto chenye umbo la kiwiko, kilichozungushiwa kitu chepesi kinachozuia joto lisipotee, na kuni zinazoungua nchani tu. Moto unakuwa mkali, moshi unaungua kabla ya kutoka, na joto linasukumwa kwenye sufuria kupitia nafasi nyembamba. Yeye na wenzake wa taasisi ya Aprovecho hawakuishia maabara. Winiarski alizunguka nchi nyingi akifundisha watu kulijenga kwa udongo na matofali ya kwao. Kanuni hizo zilifika hata magharibi mwa Kenya, ambako shirika la Ujerumani la GTZ liliendeleza majiko ya roketi ya udongo katika miaka ya 2000.

Jiko letu la makaa lenye kigae cha udongo ndani, lile lenye umbo la kubanwa kiunoni, nalo lina historia kama hiyo. Lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya mwezi Agosti 1981. Wazo lilitoka kwenye jiko la Thailand. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kasoro, vigae vikipasuka. Kilicholiokoa ni kwamba watafiti walilipeleka kwa mafundi wa jua kali, wakawafundisha, wakawasikiliza, na kina mama nao wakasema lipi linawafaa. Linaokoa makaa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Leo linauzwa Kongowea na mtu hajui hata kama liliwahi kuwa mradi.

Umeme wa jua nao ulipita njia hiyo hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Harold Burris, akishirikiana na mwalimu Mark Hankins, aliweka mitambo ya jua katika shule ya Karamugi, Meru, na shule nyingine chache. Walitumia kazi hizo kuwafundisha mafundi wa hapa hapa. Mafundi hao wakaanza kuwafungia watu majumbani kwao, na biashara ikasambaa bila kusubiri serikali.

Ndiyo maana nasema mtafiti wa nishati asiyefundisha amefanya nusu ya kazi. Ripoti hukaa kabatini. Fundi aliyefundishwa hufundisha mwanafunzi wake, na mwanafunzi huyo naye akafungua kibanda chake.

Mtambo bila shamba

Isidhaniwe kwamba mitambo mikubwa haina nafasi. Jirani na Bungoma, kampuni ya sukari ya Mumias ilizindua mwaka 2009 mtambo wa megawati 35 uliochoma makapi ya miwa, na megawati 26 zikauzwa kwenye gridi ya taifa. Kihandisi ilikuwa kazi nzuri: makapi yanachemsha maji, mvuke unazungusha tabo, sukari inapikwa na umeme unauzwa. Lakini miwa ilipopungua na madeni yakaizidi kampuni, mtambo ulinyamaza. Chuma kilikuwepo, chakula chake hakikuwepo. Mhandisi anayefundishwa vyema hufundishwa kuuliza swali hilo mapema: nani atakilisha chombo hiki miaka kumi ijayo, na huyo analipwa vipi?

Hapa kwetu swali hilo tunalijua kwa jina la mikoko. Gazi, Kwale, jamii ya Mikoko Pamoja imekuwa ikilinda msitu na kuuza hewa ukaa tangu 2013. Lakini mikoko haiwezi kulindwa kwa walinzi peke yao wakati jirani hana cha kupikia. Jiko linalopunguza kuni kwa nusu ni ulinzi wa msitu usiobeba rungu.

Njia yenyewe ikoje?

Kwa mzazi anayetaka kujua, shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano katika vyuo vikuu vyetu, na msingi wake ni hisabati, fizikia na kemia. Baada ya hapo mtu huandikishwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi kwa uchache miaka mitatu kabla ya kuomba kuwa mhandisi kamili. Anayetaka utafiti na ualimu wa chuo ataendelea na uzamili na uzamifu. Huko juu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina kituo cha umahiri cha Afrika kinachoshughulikia pamoja na mengine nishati jadidifu, na Naitiri si mbali nacho. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kinafundisha uhandisi wa mitambo.

Na aliyepata diploma asijidharau. Nina diploma mimi, na najua namna watu wanavyoitazama karatasi hiyo kwa jicho la pembeni. Lakini katika fani hii mwenye diploma ndiye anayechomea bati, anayefunga feni, anayerudi baada ya miezi sita kuona kama kigae kimepasuka. Profesa bila yeye ana mchoro tu.

Rai yangu ni hii. Kaunti zetu za Pwani zinapotoa basari, zitenge fungu kwa vijana wanaosomea nishati, na ziwape sharti moja: likizo ya kila mwaka wakafundishe mafundi wa vijijini mwao kitu kimoja kinachofanya kazi. Bungoma ikifanya kwa magunzi, Kwale na Kilifi zifanye kwa vifuu na makumbi ya nazi yanayooza nyuma ya nyumba zetu. Mzazi naye, mwanawe akisema anataka mitambo, asimkimbizie bandarini moja kwa moja. Amuulize kwanza kama anajua sufuria ya nyumbani inakula kuni kiasi gani, na ampe mizani akapime.