Breki zikibonyea, usikimbilie kununua masta silinda

KWA mfanyabiashara anayenunua Land Rover ya zamani ili aitengeneze na kuiuza, pedali ya breki inaweza kumpa faida au kumla mtaji. Pedali ikibonyea kama sifongo, ushauri wa haraka gereji huwa ni kubadili masta silinda. Mara nyingi fedha hiyo hutoka bure, kwa sababu kasoro iko kwingine.

Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gari hili lina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki kwenye mabomba hadi silinda ndogo za magurudumu, nazo husukuma viatu vya breki vibane dramu. Mafuta hayabonyei, bali upepo hubonyea. Upepo kidogo tu ukiingia, nguvu ya mguu huishia kuubana upepo badala ya kusimamisha gari.

Kabla ya kukubaliana bei, kanyaga pedali mwenyewe na usome dalili.

Kwanza, pedali ikizama mbali, kisha ikapanda na kuwa ngumu ukiipiga mara ya pili, viatu vimelegea mbali na dramu. Dawa yake ni kukaza parafujo za kurekebishia zilizo nyuma ya magurudumu, mpaka viatu viguse dramu, kisha kulegeza kidogo gurudumu lizunguke. Hakuna kipuri kinachohitajika, labda viatu viwe vimekwisha.

Pili, ikibaki laini hata baada ya marekebisho hayo, kuna upepo. Lakini upepo hauingii bila njia. Tafuta unyevu kwenye maungio, mipira ya breki na nyuma ya magurudumu. Ziba panapovuja ndipo utoe upepo.

Tatu, ukikandamiza bila kuachia na pedali ikazama polepole, huku hakuna panapovuja nje, hapo ndipo masta silinda hushukiwa.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na lililo karibu. Mmoja anakanyaga, mwenzake analegeza nipo yenye mpira uliozamishwa kwenye chupa ya mafuta, na kuikaza kabla mguu haujaachiwa. Rudia mpaka mapovu yaishe. Chupa ya juu isiachwe ikauke, la sivyo kazi inaanza upya. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Tahadhari mbili zinahusu mfuko moja kwa moja. Mafuta ya breki hubabua rangi, na rangi ya asili ni sehemu ya bei ya gari la zamani. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja. Aidha, oili ya injini isiingie humo kamwe. Huvimbisha mipira, na utalazimika kubadili kila kimoja kuanzia masta silinda hadi magurudumuni.

Uhai wa mafuta nao una mwisho. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini ni nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, Iringa, breki hupata moto mkali. Mafuta yaliyochoka yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. Pedali iliyokuwa ngumu asubuhi mjini hukosa kitu cha kusukuma katikati ya mteremko. Kwa sababu hiyo, kubadili mafuta kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo.

Wanunuzi wanashauriwa wafuate mpangilio huo: marekebisho, uvujaji, upepo na mafuta, ndipo vipuri. Pedali laini ni hoja halali ya kuomba punguzo, lakini punguzo hilo lisiwe ruhusa ya kuliendesha gari hivyo hivyo hadi nyumbani. Livutwe, litengenezwe, kisha lijaribiwe taratibu mahali tambarare. Muuzaji naye akitengeneza mapema, hoja ya punguzo huwa imekwisha kabla mteja hajafika.